Wanaume Nauza, Wanawake Siuzi

Wanaume nauza. Wanawake siuzi, na ukiniuliza mara ya pili utanikera.

Ndivyo ninavyowajibu wateja hapa kibandani kwangu, Masasi, nyuma ya stendi, ninapouza viatu na mabegi ya mtumba. Juu ya mabegi kuna rafu, na kwenye rafu wamesimama wanawake wangu. Ni midoli ya plastiki, urefu wa kiganja, wenye kofia ngumu zinazofunika uso mzima, suti za kubana, glovu nyeupe na ngumi zilizokunjwa. Wapo wa pinki, wa njano, weupe, na mmoja wa bluu aliyepoteza mguu sijui wapi. Wote wametoka kwenye vile vipindi vya Kijapani vya mashujaa wa kwenye runinga, wale wanaokuwa watano watano, kila mmoja na rangi yake, wakipigana na madubwana. Mtoto akipita na mama yake anawaona, anaanza kulia. Basi namtolea sandukuni mwanamume mwekundu, kiongozi wao, namuuzia kwa bei ya kutupa. Wekundu ninao tele. Mwanamke hashuki rafuni.

"Sasa mama, hii biashara gani?" wananiuliza.

"Biashara yangu. Kama hutaki mwekundu, pita, ming'oko ya kuchemsha inauzwa pale mbele."

Mume wangu Salmini anawaita wake wenza. Akipitia kibandani jioni kunichukua, kwanza anawasalimia wao. "Wake wenza hawajambo?" Namwambia hawajambo, na uzuri wao hawakoromi. Anacheka. Mwanaume mwingine angeshawachoma moto zamani, maana dada zake walishamwambia mkeo anafuga majini ya plastiki. Yeye akawajibu, heri majini yanayosimama kimya kuliko mawifi.

Wanafikaje Masasi? Wengine nawapata kwenye mabelo ya midoli ya mtumba. Wengine ananitumia mzee mmoja wa Dar, Khalfan, anayeosha magari yaliyoshushwa kutoka Japani. Watoto wa Kijapani nao ni watoto, wanaangusha vitu chini ya viti. Mzee Khalfan akiokota mdoli ananipigia picha, nami nikimwona ni mwanamke, namwambia mtie kwenye basi.

Niseme wazi, maana sina tabia ya kuzunguka mbuyu. Rafu yote ile namtafuta mmoja. Namtafuta wa njano mwenye alama za meno kwenye mkono wa kushoto. Najua nilivyoambiwa, kwamba aliungua. Najua. Lakini moyo hauna akili, kila picha ya Mzee Khalfan ikiingia kwenye simu, jicho langu linakwenda kwenye mkono wa kushoto.

Meno yale ni ya Somoe.

Mimi nimezaliwa Newala, kule juu. Baba yangu alikuwa mtu wa Masasi, alipanda kufuata biashara ya korosho, akajenga jirani na Wamakonde wenyeji wa pale. Somoe alikuwa mtoto wa nyumba ya jirani. Tulianza kutembea wiki moja, tuliugua surua pamoja, na mama zetu walikuwa wakiita jina moja tu, Hajira au Somoe, lolote, wakijua watakuja wote wawili.

Katikati ya nyumba zetu alipanga mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, akifundisha hesabu sekondari. Jina lake Mwalimu Yuko. Unaweza kufikiria tulivyofurahi na jina hilo. Tulikuwa tunabisha hodi, "Mwalimu Yuko yuko?" tunakimbia, tunarudi tena. Hakukasirika hata siku moja. Dirishani kwake alipanga midoli, wanawake watupu, kofia kwa kofia. Wanaume sijui aliwaacha kwao. Umeme ukiwepo alituwekea kanda ya video, tukakaa kwenye mkeka na kutazama wale wanawake wakiruka juu na kutua chini.

Kijapani hatukujua, naye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya. Mtafsiri wetu alikuwa Somoe. Hakujua Kijapani kunishinda mimi, lakini hilo halikumzuia.

"Anasema nini?" namuuliza.

"Anasema mama yake kamtuma maji, sasa hili dubwana limelala njiani."

Kila vita ilikuwa ya maji. Newala yetu shida ilikuwa maji, ndoo tulifuata bondeni, kwa hiyo kwa Somoe hakukuwa na sababu nyingine ya watu wazima kupigana. Wa njano alikuwa ndiye mbeba maji. Anazingirwa, anapigwa, anaanguka, na ndoo inamwagika. Hapo ndipo Somoe anasimama kwenye mkeka, mikono kiunoni. "Sasa Pinki anakuja!" Na kweli, Pinki anatokea na pikipiki, vumbi nyuma, anashuka, ananyoosha kidole, anapiga ukelele kwa Kijapani. Na Somoe anautafsiri vilevile kila mara: "Usinikere, tangu asubuhi sijanywa maji!"

"Pinki ni wewe," aliniambia, "kwa sababu una hasira. Mimi Njano, kwa sababu nacheka."

Alikuwa na mwanya, Somoe. Akicheka unaona ulimi ukichungulia.

Mwalimu Yuko alipomaliza muda wake alitupa wawili. Mimi Pinki, Somoe Njano. Alilia kuliko sisi. Tangu hapo tulitembea na wale wanawake viunoni, wamechomekwa kwenye kanga, na Somoe akiwa anafikiri atunge nini alikuwa anang'ata ule mkono wa kushoto mpaka plastiki ikaingia meno.

Halafu tukapelekwa unyagoni.

Ya ndani hayasemwi nje, kwa hiyo usikae mkao wa kula. Nitasema lile ambalo hata kuku wa Newala wanalijua. Msichana akiingia kuchezwa unyago, vitu vya utotoni anaviacha. Nguo, shanga, mpira wa matambara, hata jina. Sisi tuliwaficha wale wanawake ndani ya kanga. Kungwi wetu, Bibi Zabibu, alitukung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka, wakaanguka chini wote wawili. Tukaambiwa vyote vinakwenda motoni. Yule mtoto ameisha. Anayetoka hapa ni mwanamke, na mwanamke haulizi vya mtoto viko wapi. Hatukuuliza.

Wiki ileile tuliyotoka, baba alipakia vyombo kwenye lori, tukahamia Masasi. Somoe hakuja kuniaga. Alisimama mlangoni kwao, mikono imekunjwa, macho chini, kanga mpya, mafuta yanang'aa. Aliyechezwa hakimbii barabarani, ndivyo tulivyofundishwa, na yeye alikuwa amefundishika. Mimi nilikuwa juu ya magunia, natamani akimbie. Mpaka leo natamani. Laiti angekimbia hatua chache tu, akapiga kelele, akaanguka na kuchafua ile kanga, ningekuwa na kitu cha kushika.

Nilikuja kusikia ameolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Namba yake niliipata ukubwani, tukaongea mara moja tu, mpaka salio likakata. Alikuwa anacheka vilevile.

"Utakuja au nije?" aliniuliza.

"Njoo wewe," nikamwambia. "Njoo Masasi, nitakuonyesha rafu yangu."

Kisha kule kukachafuka. Tulisikia risasi kwenye taarifa ya habari, vijiji vimekimbiwa, watu wamelala porini. Namba ikawa haipatikani. Nilipiga asubuhi nikifungua kibanda, nikapiga jioni nikifunga, yule dada wa kwenye simu akinijibu kwa Kireno, na mimi namtukana kwa Kiyao. Nikabaki kungoja. Nimeshamwambia njoo, basi namngoja. Kila Njano aliyeingia mkononi nilimpanga rafuni nikajisemea, akija atacheka.

Sasa nisikilize. Mwezi Juni mwaka huu, shule zimefungwa, alifika kibandani mama mmoja kutoka Newala na binti yake, kutafuta viatu. Binti alikuwa mwali wa juzijuzi, alichezwa Desemba, unamjua tu kwa jinsi anavyosalimia. "Shikamoo," goti chini, macho chini. Nikamwitikia marahaba mwanangu, nikamshushia viatu. Akainua macho kuvipokea, akaiona rafu.

Wallahi, mtoto yule alianguka magoti yote mawili. Kanga akaivuta usoni, viganja akavikutanisha akapiga kofi dogo, lile la taratibu, akatulia hivyohivyo mbele ya midoli yangu. Wateja wakageuka.

"Inuka wewe! Una wazimu?" Mama yake alimvuta mkono huku akiniangalia kwa haya. "Samahani, mama. Sijui kaona nini."

Yeye hajui, lakini mimi nilijua. Na mimi nimechezwa. Mkao ule haupigwi dukani, unapigwa mahali pamoja tu, mbele ya kile unachoonyeshwa. Nikainama mpaka nikawa sawa na sikio la yule binti, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame.

"Kungwi wako nani?"

"Bibi Zabibu," alinong'ona ndani ya kanga.

"Mlionyeshwa wa rangi gani?"

Akaivuta kanga zaidi. Amefundishika huyu naye. Nikamshusha Njano mmoja rafuni, nikamwekea mbele yake. Alimtazama, kisha akaugusa ule mkono wa kushoto wa plastiki kwa kidole, akatikisa kichwa. Si huyu. Mkono wa huyu ni mzima.

Viatu nilimpa bure. Mama yake alidhani nimerukwa na akili, na sikumlaumu.

Nilifunga kibanda mchana kweupe. Salmini alinikuta nyumbani najaza maji kwenye chupa, nimeshaandaa koti lake.

"Njano yupo," nikamwambia. "Hakuungua. Yupo Newala, kwenye kikapu cha kungwi, wanafundishia mabinti. Miaka yote hii, Salmini! Mimi natafuta chini ya viti vya magari ya Wajapani, kumbe yupo pale nilipomwacha."

Mume wangu ana mdomo, lakini anajua pa kuufunga. Akanipa ufunguo wa pikipiki. Ndiyo, naendesha, na wanaume wa Masasi walishachoka kupiga mbinja. Nilijifunza kwa ajili ya Pinki, nani mwingine?

"Ukimpata utarudi lini?"

"Nikimpata narudi siku ileile."

"Nenda. Wake wenza nitawaangalia."

Kwenye begi nilimtia Pinki wangu mzuri kuliko wote, ambaye hata rangi ya kofia haijachubuka. Sikujua kwa nini. Nilitaka tu yeye na Njano warudi pamoja.

Alfajiri nikaondoka, nikapita njia panda ya Chidya, mikorosho huku na huku, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Ukipanda kule juu hewa inabadilika, Juni kuna baridi ya kung'ata, na ukungu unalala barabarani kama mgeni asiyejua kuondoka. Nilipofika Newala sikuenda kwa ndugu yeyote. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Zabibu.

Nilimkuta uani anachambua mbaazi, miwani puani, simu imechomekwa kifuani. Ndani ya nyumba kulikuwa na wali, mabinti wanaochezwa. Nilisikia ile minong'ono, na wanawake wawili watatu walikuwa wanaingia na kutoka na sufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ni wa yule mfanyabiashara. Umenenepa."

"Nimezaa, Bibi."

"Ndiyo kazi yake. Karibu ndani, umechezwa, hufukuzwi mlangoni. Tuna wali hapa, wanatoka Jumamosi."

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mafuta ya mbarika. Wali walikaa ukutani, wamefunikwa kanga, miguu imenyooshwa. Nilikaa mkekani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno matamu, ya kumsifu, ya kumzunguka. Yote yalipotea.

"Bibi, nimekuja kumwona wa njano."

Hakushangaa. Alivuta kikapu, akatoa kitambaa, akakifungua polepole. Na huyo hapo.

Rangi ilikuwa imefifia mpaka imekaribia maziwa. Walimfunga shanga kiunoni. Alikuwa ameloa mafuta ya mikono ya wasichana wa miaka yote hiyo. Lakini ngumi zilikuwa zilezile, na kwenye mkono wa kushoto meno yalikuwepo, madogo, yameachana katikati kwa sababu ya ule mwanya. Niliweka kidole changu pale. Nililia, na sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mbele ya wali, jambo ambalo mtu mzima hafanyi.

"Nilitaka kuwatia motoni," Bibi Zabibu alisema. "Nikawaangalia. Mwanamke kafunika uso wake, hauonyeshi ovyo, lakini kakunja ngumi. Nikasema, hawa wana la kufundisha. Wa pinki alivunjika, tukamzika. Huyu amebaki, anafundisha peke yake."

"Bibi, nampenda. Nipe niondoke naye. Ni wa Somoe."

"Wa Somoe gani?"

"Bibi, unamjua Somoe. Mwenzangu. Wa jirani."

"Yule mtoto aliyekuwa na mdoli tulimwacha kulekule, na wewe mwenzake tulikuacha kulekule. Mlitoka wanawake wawili wenye majina mapya. Sasa leo anakuja mtu kudai vya mtoto." Alivua miwani. "Anayedai vya utotoni anasema hakuchezwa. Nijibu mbele ya hawa mabinti. Umechezwa au hukuchezwa?"

Wewe uliyekulia kwingine utaona ni swali dogo. Kwetu mwanamke mzima kusema hakuchezwa ni sawa na kusimama sokoni bila nguo. Angelisikia mama yangu, wangelisikia dada zake Salmini, lingefika Masasi kabla yangu. Hakuna ambaye angenialika tena kwenye shughuli. Binti yangu Maryam angeulizwa na wenzake, mama yako ni mtoto?

Na bado, nakuapia, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sikuchezwa. Nipe. Nilimtazama yule Njano na yale meno, nikaona ndicho kitu pekee duniani kilichobaki ambacho Somoe amekigusa, nami nasimamishwa na desturi. Hasira ikanipanda, ile yangu ya kuzaliwa nayo. Nikasimama, nikamnyooshea kidole kungwi wangu mwenyewe, Mungu anisamehe.

"Bibi, usinikere! Tangu asubuhi sijanywa maji!"

Mtu akacheka.

Mmoja wa wali, kule pembeni. Mwali hacheki. Mwali hata akikohoa anaomba radhi. Lakini huyu kilimtoka kicheko kizima, akaziba mdomo na kanga, kikatoka tena puani. Wenzake wakaanza kutikisika mabega.

"Nani huyo?" Bibi Zabibu alipaza sauti. "Jifunue!"

Binti akashusha kanga. Alikuwa bado anapigana na kile kicheko, midomo haifungi, na katikati ya meno ya mbele ulikuwepo mwanya, na ulimi unachungulia.

Nikakaa chini.

"Unacheka nini mbele ya wakubwa zako?" aliulizwa. "Sema sasa. Nimekuruhusu."

"Nisamehe, Bibi." Alisema macho chini. "Hayo ni maneno ya Pinki. Mama akituhadithia, Pinki ndivyo anavyosema."

"Pinki gani?" nikauliza.

"Wa hadithi za mama. Jioni anatuhadithia mimi na wadogo zangu. Njano yuko ng'ambo ya mto na ndoo yake, madubwana yamemzingira. Wadogo zangu wanamuuliza, kwa nini Njano asivuke mwenyewe? Mama anasema hawezi, mguu wake uliumia siku ile ya kukimbia. Lakini anasema tusiogope, Pinki anakuja kumchukua. Anakuja tu, kachelewa njiani."

"Na wadogo zako wanasemaje?"

"Wanauliza, atakujaje na ni mbali? Mama anawaambia, Pinki ana pikipiki."

Nje nilisikia mtu akitwanga kisamvu. Ninaijua ile siku ya simu, nimeirudia kichwani mwangu nikiwa napanga viatu, nikiwa nakuna nazi, nikiwa nalala. Utakuja au nije? Njoo wewe. Mimi nilikaa Masasi namngoja mwenye mguu mbovu avuke mto, nanunua midoli. Yeye akakaa ng'ambo ananingoja mimi mwenye pikipiki.

Bibi Zabibu alivaa miwani yake tena. "Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemvusha," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Kwetu mtoto ni wa kwa mama, lazima achezwe kwao. Mama mtu hakuweza kutembea. Jumamosi mwali anatoka, na wa kumpokea ni shangazi wa kuazima. Nilikuwa nakungoja umalize kulia nikwambie. Lakini wewe hujui kungoja kuambiwa, tangu zamani."

"Yuko wapi?" nilimuuliza binti.

"Ukiteremka mpaka mtoni, kuna mitumbwi inavusha. Kijiji cha kwanza ng'ambo. Uulize mama mwenye mkongojo. Wanamjua, anachekesha watu."

Nilimfunika Njano kwa kitambaa chake, nikamrudisha kikapuni. Kisha nikafungua begi, nikamtoa Pinki, kofia haijachubuka, nikamweka pembeni yake.

"Nimechezwa, Bibi," nikasema. "Sidai kitu. Huyu asifundishe peke yake."

Alimshika, akamgeuza, akamkagua kama anavyokagua mbaazi. "Huyu mpya sana," alisema. "Atazoea."

Kisha nilimsogelea yule binti, nikamshika miguu yake iliyonyooshwa, ndivyo anavyosalimiwa mwali. Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia Jumamosi asiogope.

Nje jua lilikuwa limetoka. Nilisimamisha pikipiki pale Shimo la Mungu, ambapo Newala inakatika ghafla na nchi inaporomoka chini, na kule mbali Ruvuma inaonekana, kamba nyembamba tu, na ng'ambo yake miti. Tangu utotoni nimeitazama ile ng'ambo. Watu husema milima haikutani, binadamu hukutana. Wanasahau kusema lazima mmoja atoke nyumbani kwake.

Simu ikaita. Salmini.

"Vipi, umempata?"

"Mdoli nimemwacha," nikamwambia. "Nateremka kumchukua Somoe mwenyewe."

Akaniuliza kama mafuta yatatosha. Nikamwambia yatatosha, nikavaa kofia ngumu, nikashusha kioo usoni.

Nilikunywa maji kwanza.